Samli ya Bibi Kabula na Daraja la Mabawa

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kutengeneza meno, kabla sijafika mbali naomba mtazame mikono yenu. Kama inang'aa kwa mafuta mliyopaka asubuhi, sina ugomvi nanyi. Mimi ni mwanamke wa Ifakara, nimelelewa na mama aliyeamini kwamba mtoto akitoka nyumbani amepauka ni aibu ya ukoo mzima. Lakini katika miaka yangu ya mwisho kazini niliingia maabara kila siku na mikono mikavu kama ya mtu anayefyatua matofali. Mawifi zangu walinicheka mpaka wakachoka.

"Wifi, kaka yetu alipofariki aliondoka na chupa ya mafuta?"

Nami nilicheka nao. Ukavu ule ulitokana na bibi mmoja wa Kisukuma anayeishi kijijini Michenga, mwanawe, na ng'ombe wao wawili. Hao ndio nataka kuwasimulia, ila mnivumilie, kwa sababu mzee akianza kusimulia hupita kwanza kwa majirani.

Nilikuwa fundi wa meno katika kliniki ndogo nyuma ya kanisa, hapa Ifakara mjini. Daktari hukaa na mgonjwa. Fundi hukaa na nta, plasta, moto na chuma, na mara nyingi mgonjwa hata hajui kwamba yupo. Sikuona ubaya katika hilo. Masista walionilea shuleni walitufundisha kwamba kuna kazi Mungu huziona kwanza, watu baadaye. Kutengeneza jino ni mojawapo. Likikaa vizuri mtu hulisahau, na akilisahau ujue umefaulu.

Aliyenifundisha ni Bruda Anselmi, mtawa kutoka Mahenge, Mpogoro mfupi mwenye sauti ya besi. Alifundisha bila haraka yoyote. Ukiharibu kitu alikitazama, akakutazama, kisha akauliza, "Sasa binti, tumejifunza nini hapa?" Alisema "tumejifunza", wala si "umejifunza", hata kama uharibifu ulikuwa wako peke yako.

Wakati ule saruji ya meno ilikuwa unga na maji yake, na ilikorogwa juu ya kipande kinene cha kioo. Joto la bonde letu mnalijua. Saruji ile ilikuwa ikipata joto inaganda kabla haijafika kinywani, kwa hiyo kioo lazima kiwe cha baridi. Mimi, kwa bidii ya ujana, nikakiweka kwenye friji karibu na barafu nikitaka kiwe baridi kuliko vyote. Nilipokitoa ilikuwa masika, hewa imejaa maji, na kabla sijachovya unga kioo kikaanza kutoka jasho. Saruji ikawa uji wa mtoto. Bruda akakichukua kile kioo na kunigusisha nacho shavuni.

"Unasikia nini?"

"Baridi, Bruda."

"Na nini tena?"

"Maji."

"Basi hata saruji imesikia hivyo hivyo. Kiweke pembeni ya mtungi, si kwenye friji. Kikitosha baridi bila kulowa, shavu litakwambia."

Tangu siku hiyo nilipima kioo kwa shavu. Siku hizi saruji nyingi huja katika bomba lenye midomo miwili, ukibonyeza inajichanganya yenyewe, na sioni haya kusema ni jambo jema. Lakini maji bado ni adui, na bonde bado lina maji. Mtungi umeondoka, shavu msilitupe.

Jambo jingine alilonifundisha Bruda ni kwamba saruji ile ya zamani haikuwa gundi. Ilikuwa inajaza nafasi tu. Jino likisagwa na kuchongwa vizuri, kofia ya chuma ikavikwa juu yake kama kifuniko juu ya chupa, saruji inaziba ule upenyo mdogo na kofia haina pa kwenda. Kinachoshika ni umbo. Kwa hiyo kofia nyingi zilikaa vinywani miaka na miaka hata kama ndani yake chuma hakikuwa safi sana. Mkumbuke hilo, nitalirudia.

Dhahabu ndiyo iliyonifungua macho kwamba vyuma si sawa. Mama mmoja mfanyabiashara wa mchele alikuja na hereni ya marehemu bibi yake, akataka iwe jino. Tukaifanya, ikapendeza kweli. Jino lenyewe lilikuwa fupi, hakukuwa na mahali pa kofia kushika. Akaenda harusini Mang'ula, na katikati ya sherehe mgeni aliyekaa jirani yake, waliyekuwa wakila naye sinia moja, akang'ata kitu kigumu. Akaanza kuwagombeza wapishi.

"Nyie, mchele wote huu wa Kilombero na bado hamjui kuchambua mawe?"

Akalitema kiganjani. Jiwe linang'aa. Yule mama akalitambua kwanza, akalipokonya, akalifunga kwenye ncha ya khanga na kuendelea kula. Jumatatu alikuwa mlangoni kwetu anacheka mpaka machozi.

Bruda alitueleza hivi: dhahabu haishiki kutu, ndiyo sifa yake, lakini ndiyo taabu yake kwetu. Chuma chetu cha kawaida cha kazi kikikaa hewani hujivika utando mwembamba sana, hauonekani kwa macho, na saruji mpya zenye gundi, ambazo kwetu zilikuwa hazijafika, hushikana na utando huo. Dhahabu haina utando, kwa hiyo gundi inakuta mlango umefungwa. Chuma cha bei ndogo kinashika kuliko dhahabu! Niliipenda sana habari hiyo, nikawa nawasimulia watoto wa mafundisho ya kipaimara, nao wakapenda zaidi ile habari ya sinia.

Bruda alizeeka, akapumzika, Mungu amrehemu. Kliniki ikapata daktari mpya, Dakta Leokadia, binti mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kusoma. Yeye ndiye aliyetuletea saruji zile zenye gundi, na pamoja nazo kazi ambayo mimi niliiita daraja la mabawa.

Daraja la mabawa ni hivi. Mtu amepoteza jino moja la mbele. Zamani tungesaga meno mawili ya jirani, mazima kabisa, ili kuyavika kofia na kulibeba lile la katikati. Sasa hatusagi. Fundi anatengeneza jino moja, lenye vibati viwili vyembamba vya chuma kulia na kushoto kama mabawa, na daktari anayabandika mabawa hayo nyuma ya meno jirani. Yanabandikwa tu. Hakuna kofia wala umbo la kushikilia. Kila kitu kinategemea gundi kuupenda ule uso wa chuma. Isipoupenda, mgonjwa anameza jino lake na chai ya asubuhi.

Siku moja, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha, akaingia Masunga.

Alikuwa mtu mzima wa makamo, mrefu, fimbo mkononi, kofia ya pama kichwani. Jino moja la juu mbele halikuwepo. Maksai wake alikuwa amerusha kichwa kukwepa nzi, na pembe ikakutana na mdomo. Nyuma yake alikuja mama yake, Bibi Kabula, mdogo wa umbo, macho makali, na kikapu kilichofunikwa kitambaa.

"Shikamoo, Mama," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Mwadila."

"Mwadila, Mama," nikajibu. Salamu hiyo ya mchana nilikuwa nimejifunza sokoni, naye akafurahi kana kwamba nimempa ndama.

Masunga aliposema shida yake, tulidhani ni uzuri. Hapana. Alikuwa hawezi kulima.

"Dakta, mimi ng'ombe wangu nawaongoza kwa mluzi," alisema, na hewa ikapita kwenye pengo, fyuu, fyuu, kila aliposema s na z. "Mikono yote iko kwenye plau. Mluzi mrefu waende, mifupi miwili wageuke, wa kushuka wasimame. Nimewafundisha tangu ndama. Sasa napiga mluzi unatoka upepo. Ng'ombe wananitazama tu."

"Si uwaite kwa sauti?" Dakta akauliza.

"Nikipaza sauti wanasimama. Niliwafundisha kwamba kelele ni hatari, kuna nyoka au shimo. Juzi nimepiga kelele nusu siku. Wamesimama nusu siku."

Bibi Kabula akadakia, "Yule Diwani amelala kabisa."

"Diwani?" nikauliza.

"Ng'ombe wa kushoto. Anapenda kusimama simama. Wa kulia ni Katekista, yeye anatangulia daima."

Nilicheka mpaka nikaomba radhi. Lakini jambo halikuwa la mchezo. Mnajua mashamba ya Michenga. Mpunga lazima uwe umeshasimama kabla mto haujapanda na kutandaza maji bondeni. Ukichelewa kulima, maji yanakuta udongo mtupu au miche mifupi, na mwaka wote wa familia umeondoka. Majirani walikuwa kwenye mashamba yao, hakuna mwenye jozi ya ng'ombe ya kuazima. Nyumba nzima ya Bibi Kabula, wakwe, watoto na wajukuu, ilikuwa inangoja mluzi wa mtu mmoja.

"Lakini meno yangu mengine msiyasage," Masunga akasema. "Haya ni ya Mungu."

"Hatusagi," Dakta akamwambia. "Tutakubandikia."

Nikalitengeneza. Nawaambieni ukweli, lilikuwa jino zuri. Nikapuliza mabawa kwa ile mashine ya mchanga mpaka uso wa chuma ukapoteza mng'ao, ukawa wa kijivu kama majivu ya kuni. Mchanga ule una kazi mbili: unaondoa uchafu na unakwaruza uso ili gundi ipate pa kuingiza kucha zake. Nikalisafisha, nikalikausha. Kisha nikafanya kama tulivyofanya siku zote pale kwetu.

Hiyo siku zote ndiyo naomba muisikilize. Bruda Anselmi alikuwa na utaratibu wake: hakuna mtu atakayetiwa kinywani kitu ambacho hajakiona. Kazi ikishakamilika, fundi anaiweka kwenye bakuli la stenlesi juu ya kitambaa cheupe, anaipeleka kwenye benchi la korido, na mgonjwa na ndugu zake wanaiona, wanaishika, wanashukuru. Wengine walilibusu jino. Kulikuwa na baba mmoja kutoka Lupiro aliyelipigia saluti. Nilikuwa napenda saa ile kuliko zote. Ndiyo saa pekee fundi alipoonana na watu.

Nikampelekea Masunga na mama yake. Nikawaachia kidogo nikajibu simu. Niliporudi bakuli lilikuwa na jino, na wote wawili wanatabasamu. Dakta akampaka Masunga dawa kwenye meno, akaosha, akakausha, akazuia mate kwa pamba, akabandika. Kazi safi. Jioni Masunga alijaribu mluzi mdogo hapo hapo mlangoni, na mbwa wa mlinzi akasimama.

Kabla wiki haijaisha alirudi. Jino lilikuwa kwenye karatasi ya sigara.

"Lilidondoka nikila ugali," alisema. "Mama Fundi, daraja la mtoni linapitisha malori, la kwangu limeshindwa na ugali?"

Sasa hapa kuna ufundi, na ningependa muuchukue. Daraja likidondoka, usikimbilie kubandika tena. Tazama saruji imebaki wapi. Ikibaki kwenye chuma na meno ya mgonjwa ni matupu, tatizo liko upande wa meno, pengine mate yaliingia. Ikibaki kwenye meno na chuma ni kitupu, tatizo ni chuma. Dakta akaangaza taa kinywani, akanipisha nitazame. Saruji yote ilikuwa nyuma ya meno, imelala pale kama plasta ya ukuta. Chuma kilikuwa kitupu.

"Ni upande wetu," Dakta akasema. Hakusema "upande wako", na nilimkumbuka Bruda.

Tukatafuta. Tulishuku kompresa, ile pampu ya hewa ya mashine ya mchanga, kwa sababu kompresa ikichoka hupuliza mafuta na maji pamoja na mchanga. Tukapulizia kwenye karatasi nyeupe, karatasi ikabaki kavu. Tukashuku praima, ile dawa ya kupaka kwenye chuma kabla ya saruji, kwamba imepigwa na jua safarini. Dakta akafungua chupa mpya. Nikapuliza mchanga upya, nikasafisha upya kwa spiriti, nikaliweka kwenye bakuli, nikalipeleka koridoni kama kawaida. Bibi Kabula alilipokea kwa mikono miwili. Masunga akabandikiwa, akaondoka.

Nikamwombea katika misa ya asubuhi, kwa jina lake, na nikawataja Diwani na Katekista pia. Mungu anajua ng'ombe wake.

Likadondoka tena. Safari hii katikati ya shamba, na katikati ya mluzi. Alisema lilitoka mdomoni kama punje ya mahindi, likamgonga Katekista mgongoni, na Katekista akadhani ameamriwa kugeuka. Walilitafuta kwenye matope, yeye na wanawe, wamepiga magoti mstari mzima kama watu wanaosali, mpaka likaonekana. Masunga alisimulia huku anacheka, lakini alipomaliza aliangalia chini.

"Dakta, mwenzangu wa jirani ameshamaliza kupanda. Mimi nimelima mistari miwili tu. Kama hili haliwezekani niambieni, nitafute vibarua wa jembe la mkono, ingawa hawapatikani."

Dakta akatazama tena. Saruji kwenye meno, chuma kitupu. Alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu, akashika kichwa.

"Mama, tumefanya kila kitu kama kilivyoandikwa."

"Tumefanya," nikasema.

"Basi tufanye tena, pole pole, na safari hii mimi nitafuatana na jino tangu kwenye mashine mpaka kinywani. Sitaliondolea macho."

Tukafanya hivyo. Nilipuliza mchanga yeye amesimama begani kwangu. Nikasafisha, yeye anatazama. Nikaweka kwenye bakuli. Tukatoka pamoja koridoni, mimi na bakuli mbele, daktari nyuma, tumekuwa kama maandamano ya vipaji kanisani. Bibi Kabula alikuwa kwenye benchi. Alipotuona akavuta kikapu, akafunua kitambaa, akatoa kichupa.

"Leteni, wanangu," alisema. "Leo nitalipaka la kutosha. Mara ya kwanza nilipaka kidogo, ndiyo maana lilianguka. Juzi nikaongeza, likaanguka tena. Leo nimekuja na samli mpya kabisa."

Dakta akanitazama, mimi nikamtazama. Kisha mkono wa Dakta ukaenda mdomoni, mabega yakaanza kumtikisika, na nikajua nikiendelea kumtazama tutaangua kicheko wote wawili mbele ya mzee. Nikainamisha uso kwenye bakuli.

"Unalipaka samli, Mama?" nikauliza nilipoweza.

"Kila kitu kipya kikiingia kwangu nakipaka. Jembe, kitanda, mtoto mchanga. Hata plau ile niliipaka. Nasema: Mungu, kikae, kifanye kazi. Halafu hili nalifuta na khanga ili lipendeze."

Sasa mnaelewa. Miaka yote ile ndugu walishika kofia zetu kwa vidole vya jasho na mafuta ya nazi, na hakuna kilichotokea, kwa sababu umbo ndilo lililoshika. Daraja la mabawa halina umbo la kushikilia. Ukishapuliza mchanga, ule uso wa kijivu una kiu, unakunywa kitu cha kwanza kinachougusa. Sisi tulikuwa tunaupeleka koridoni ukanywe samli, kisha tunashangaa kwa nini haunywi saruji.

Kutatua lilikuwa jambo jepesi. Gumu lilikuwa kumwambia. Yule mama alikuwa amelipaka baraka jino la mwanawe, mbele ya njaa inayokuja, na sisi tumwambie kwamba baraka yake ndiyo iliyoliangusha? Masunga alikuwa ameshaelewa. Aliinua mkono ajifunike uso kwa kofia ya pama.

Nikakaa kwenye benchi, karibu naye.

"Mama, kosa ni letu. Sisi ndio tuliokuletea jino saa isiyofaa. Gundi ya daktari haiwezi kushika penye mafuta. Ni kama kubandika karatasi kwenye sufuria ya maandazi."

Bibi Kabula alitazama kichupa, kisha akanitazama mimi.

"Kwa hiyo Mungu hapendi samli yangu?"

"Mungu anaipenda, Mama. Saruji ndiyo haipendi."

Alikifunga kichupa chake. Nilisikia Dakta akishusha pumzi nyuma yangu. Halafu yule mama akaanza kucheka, kicheko kidogo kilichoanzia tumboni, akampiga mwanawe kofi gotini.

"Masunga! Ulinyamaza mama yako anakuangusha meno?"

"Mama, mimi nilijua ni dawa ya Kisukuma na madaktari wameiruhusu!"

"Wameiruhusu wapi, hata hawakuniona!"

"Basi, Mama," Dakta akasema huku akifuta macho, "libariki sasa hivi, upake utakavyo. Halafu mimi na Mama Fundi tutalirudisha mchangani, na baada ya hapo hakuna mkono wa mtu utakaoligusa. Hata wangu."

Ndivyo ilivyokuwa. Bibi Kabula alilishika, akalipaka samli mpaka likateleza, akasali kwa Kisukuma, sala ndefu. Tulisimama wote tukaitikia amina, na fundi umeme aliyekuwa anarekebisha taa akavua kofia. Kisha nikalisafisha mafuta kwa sabuni na spiriti, nikapuliza mchanga upya mpaka kijivu kikarudi, nikasafisha tena, nikalibeba kwa kibano. Dakta akalijaribisha kinywani, likakaa. Kwa kuwa lilikuwa limegusa mate, tukalirudisha tena kwenye mchanga. Vijana, hilo nalo msilisahau: mate ni kama samli, tofauti ni kwamba hayaonekani. Kisha praima, kisha saruji, kisha Dakta akalishikilia kwa kidole bila kupumua. Bibi Kabula alitazama kutoka mlangoni, amefunga mikono nyuma yake mwenyewe, asije akasahau.

Jumamosi mimi na Dakta tulipanda bodaboda kwenda Michenga. Hatukualikwa. Hatukuweza tu kukaa. Njia ilikuwa ya tope, dereva analalamika, na Dakta anamwambia azime pikipiki kila tukikaribia shamba ili asikilize.

"Dada, mimi nabeba abiria au nabeba redio?" dereva akauliza.

Tulipofika kwenye tuta la mwisho akazima, na tukausikia. Mluzi mrefu, safi, umenyooka kama uzi. Kisha mifupi miwili. Upande wa pili wa majani marefu tukaona pembe zinageuka, Katekista ametangulia, Diwani anafuata shingo upande, na udongo mweusi unafunguka nyuma yao. Masunga alituona. Hakuweza kutupungia mkono, mikono ilikuwa kwenye plau. Akatupigia mluzi wa salamu, na ng'ombe wote wawili wakasimama, wakamtazama wasielewe. Dakta aliruka ruka kwenye tope na viatu vyake vya kliniki. Mimi nilifanya ishara ya msalaba, nikashukuru.

Mpunga wao uliwahi maji. Mavuno yalipofika walituletea gunia.

Kuanzia hapo tulibadili utaratibu, lakini hatukuufuta. Jino bado linaonyeshwa koridoni, linashikwa, linabusiwa, linapigiwa saluti kama yule baba wa Lupiro anataka. Lakini linaonyeshwa kwanza, na mchanga unakuja mwisho. Nilifikiri Bruda Anselmi angekubali. Nami nikaacha kupaka mafuta mikononi siku za kazi, kwa sababu baada ya mchanga mkono wangu ndio uliobaki karibu na jino, na sikutaka uwe na mafuta. Ndiyo mikono mliyosikia mawifi wakiicheka.

Mwaka niliostaafu, parokia ilinifanyia misa ya shukrani na chakula kidogo uani. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha heshima, nimechoka kwa kupokea salamu, nikasikia mluzi getini. Watu wengine waligeuka. Mimi sikuhitaji kugeuka. Masunga alikuja anatabasamu, na jino lile lile mdomoni, na mama yake amemshika mkono. Bibi Kabula alikuwa amezeeka sana, anatembea kwa hatua fupi, lakini kikapu kilikuwepo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimeambiwa umemaliza kazi ya chuma."

"Nimemaliza, Mama. Jana nimekabidhi funguo."

"Hakika? Hakuna jino linalokungoja?"

"Hakuna hata moja."

Akaketi, akafunua kitambaa, akatoa kichupa. Akaivuta mikono yangu yote miwili mapajani kwake, mikavu, iliyopauka, na akaanza kuipaka samli pole pole, kidole kwa kidole, hadi kwenye viwiko, huku akisali kwa sauti ya chini. Dakta Leokadia alisimama karibu yetu, na safari hii hakuficha kicheko wala machozi. Mawifi zangu walishangilia. Nilikaa hivyo, mikono inang'aa katika jua la mchana, sijagusa sahani wala kikombe kwa muda mrefu, nisije nikaifuta.